Majirani wa avenyu yetu, komini (manispaa) ya Annexe, Lubumbashi, Kongo

Mwalimu: Jambo kwenu nyote, wazee na vijana. Nimeona ni vema mlisikie kwangu kabla halijafika sokoni: nimeamua kugombea kiti cha mshauri wa komini, yaani mjumbe wa baraza lake, katika uchaguzi ujao. Sina ugomvi na anayetafuta mahali pa kujenga, kwani hata mimi nilipofika hapa palikuwa pori na vichuguu. Kinachonikera ni kwamba viwanja hukatwa na kuuzwa kwanza, ndipo tunaanza kuulizana maji ya mvua yatapita wapi.

Mzee wa Kona: Hongera, mwanangu, na pole pia. Lakini sheria ya ardhi ya 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, na hati ya kiwanja haitolewi na komini. Ukishachaguliwa, utamzuia nani kukata viwanja?

Mwalimu: Papa, umenena kweli, na ndiyo sababu sitamwahidi mtu hati, atakayewaahidi hati, mwambieni arudi alikotoka. Ila sheria ya 2008 kuhusu miji na komini inaliachia baraza mambo yanayotuumiza kila siku, yaani barabara za ndani, mifereji, masoko, usafi, na bajeti ya kuyashughulikia. Washauri hao tuliwapigia kura kwa mara ya kwanza chini ya katiba ya 2006 tarehe 20 Desemba 2023, kwa hiyo wengi wetu hatujazoea hata kuuliza baraza linakutana lini.

Papa Fundi: Nami nina neno. Kichuguu kimoja kikubwa hunipa matofali ya nyumba nzima, na watu wakiacha kuhamia huku, watoto wangu hawatakula matofali. Mwalimu asije akaufunga mji.

Mama wa Duka: Hakuna aliyesema mji ufungwe, Papa Fundi. Mvua ya Januari ilipoingia dukani kwangu ilifika rafu ya pili, na mifuko ya unga wa mahindi niliyoitoa asubuhi ilikuwa imeganda kama saruji. Maji hayo zamani yalipita nyuma, kwenye bonde dogo ambalo sasa lina nyumba tatu. Tena moja ya nyumba hizo imechimba choo hatua chache kutoka kwenye foraje, kisima kirefu cha kuchimba, tunayochotea sote, jambo ambalo sitaki hata kulifikiria wakati wa chakula.

Mzee wa Kona: Mji huu ulipoanzishwa mwaka 1910, Wabeleji walipima barabara kwanza, ingawa waliwapimia zaidi wenzao. Sisi wa Annexe, tunaozizunguka komini nyingine sita kama pindo la kitenge, kila mtu alijipimia.

Mama wa Duka: Papa Fundi, na ukuta wa nyumba ya katikati, pale bondeni, nani aliujenga?

Papa Fundi: Niliujenga mimi, sikatai. Mwenye kiwanja alinionyesha karatasi yenye mhuri, akavuta kamba yake mwenyewe, nami nikafuata kamba.

Mwalimu: Simlaumu fundi, kwa kuwa si kazi yake kujua mfereji wa komini unapita wapi. Ninachotaka ni baraza lichore njia za maji na kuziweka wazi pale komini, ili anayenunua aone kabla hajatoa pesa, na shefu wa kartye, mkuu wa mtaa wetu, asitie sahihi juu ya bonde. Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, ningependa tulipime bonde hilo pamoja, mwenye nyumba akiwepo, asije akaambiwa tumemzunguka.

Mzee wa Kona: Mwenye nyumba nitamwendea mimi. Akimwona mgombea mlangoni atafunga.

Papa Fundi: Nitakuja na kamba yangu ya mita 30. Lakini ukuta siubomoi bila mwenyewe kulipa, na kura yangu, Mwalimu, bado iko mfukoni.