Naomba ushauri: kamba za nje ya mipaka kwenye diski gofu

Wakuu, salaam. Naishi Minnesota, na klabu yetu ndogo ya diski gofu, mchezo wa kurusha diski hadi kikapuni kwa mirusho michache iwezekanavyo, imenipa kazi ya kupanga uwanja wa mashindano. Kuna shimo moja, yaani njia moja kutoka pa kurushia hadi kwenye kikapu chake, linaninyima usingizi.

Lina mita 110, uwanda mtupu, hakuna hata mti. Nikafunga kamba pande zote mbili, kama wanavyofanya kwenye uwanja wa mashindano wa Chuo Kikuu cha Winthrop kule South Carolina, ili nguvu peke yake isitoshe. Tumelijaribu mara mbili. Diski inatua ndani vizuri, halafu inasimama wima na kubingirika hadi nje. Mchezaji anaongezewa mrusho mmoja. Kijana mmoja hodari alimaliza kwa mirusho 8, akaondoka kimya. Iliniuma kweli, maana pale hakupimwa ustadi, alipimwa bahati.

Nimepanua njia kutoka mita 12 hadi 18, imesaidia kidogo tu. Anayetoka anaendelea pale diski ilipovukia, mita moja ndani ya kamba, na upepo ukivuma anatoka tena.

Sasa naomba mnisaidie: niondoe kamba ya upande mmoja ili mtu awe na njia salama ya kuchagua? Na adhabu je, nimwekee aliyetoka sehemu maalumu ya kurushia karibu na kikapu, au nilifanye eneo la nje kuwa la hatari tu, yaani aongezewe mrusho lakini acheze diski ilipolala?

Hasa waliowahi kupanga uwanja au kushindana, naomba mawazo yenu. Asanteni.