Wameshusha giaboksi nzima kumbe ni kompyuta ya injini. Mafundi wa Lubumbashi, mnapima nini?

Wandugu, leo sina salamu ndefu. Nina RAV4 ya mwaka 2002, otomatiki, usukani kushoto, ya soko la Marekani. Ikawa inatoka gia ya kwanza kwenda ya pili kwa kishindo, kila mtu ndani anarushwa mbele, na taa ya injini imewaka kwenye dashibodi. Nikaipeleka kwenye garaji moja ya hapa mjini. Jina siweki, maneno bado hayajaisha kati yetu.

Dawa yao ya kwanza: wamechomoa betri, wamekunywa chai, wameirudisha. Taa imezima, gari laini kabisa, "Papa, iko bien, lipa." Nikalipa. Sijamaliza hata kuzunguka soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, taa imerudi na kishindo chake. Mnajua wenyewe: ukichomoa betri unafuta kumbukumbu ya makosa ndani ya kompyuta, basi. Kosa lenyewe liko palepale, linangoja gari itembee kidogo. Huu ni ujanja wa kumlipisha mtu hewa, na nusu ya mji huu inalipishwa hivyo.

Niliporudi, sauti imebadilika, sasa ni bwate, yaani giaboksi: "Papa, bwate ilishakufa. Tutafute ingine."

Sasa hapa ndipo damu inanichemka. Mashine ya kusoma makosa wanayo, nimeiona kwa macho yangu, ilichomekwa chini ya usukani na ikatoa P0753. Gari zote zilizouzwa Marekani tangu 1996 zinasomeka kwa mashine hizo, hata ile ndogo ya bei rahisi inayoongea na simu. Na P0753 haisemi giaboksi imekufa! Inasema kuna hitilafu ya umeme kwenye solenoidi A ya kubadilisha gia, yaani vali ndogo ya umeme iliyo ndani ya giaboksi. Umeme. Yaani ni moja kati ya mambo matatu: solenoidi yenyewe, waya zinazoifikia, au kompyuta inayoituma. Unachukua mita, unapima ukinzani wa solenoidi, unafuata waya mpaka kwenye kompyuta. Zikiwa nzima na kosa linarudi, umeshapata jibu, hujafungua bolti hata moja ya giaboksi. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Wao hawakugusa mita. Waliniandikia bei: dola 650 giaboksi ya mtumba kutoka Dubai, dola 150 mkono wa fundi.

Wakaifunga. Mafuta waliyomwaga humo ni Dexron, wakati gari hii inataka Toyota T-IV. Nimeuliza, jibu ni kwamba yote ni mekundu.

Kishindo? Kiko. Kitakosaje kuwepo? Kompyuta ile ile ndiyo inayotoa amri ya gia, na amri ni mbovu ile ile. Mbaya zaidi, ukiendelea kuendesha hivyo, kompyuta mbovu inaumiza giaboksi kwelikweli. Umenunua nyingine, itaipiga nayo mpaka ife, halafu utauziwa ya tatu.

Na jambo hili si siri ya kanisa. RAV4 otomatiki za 2001 mpaka 2003 zinajulikana kwa kompyuta ya injini inayoharibika na kuvuruga gia. Toyota yenyewe kule Marekani iliongeza dhamana ya kompyuta hiyo mpaka miaka 10 au maili 150,000, karibu kilomita 240,000. Ilishapita zamani, na sisi wa Katanga hatukuwa kwenye hesabu hiyo hata siku moja. Lakini habari iko wazi kwa yeyote mwenye simu. Mtu anayeishi kwa kufungua RAV4, na mji huu umejaa RAV4, anakosaje kuijua?

Nimewaambia mimi mwenyewe: jamani, kalkilateri, yaani hiyo kompyuta ya injini. Wakakubali haraka sana, kwa sababu ni kitu kingine cha kuuza. Dola 180. Fundi amefungua nyuma ya sanduku la dashibodi upande wa abiria, ametoa ya zamani, amechomeka "mpya". Injini imewaka vizuri. Gia sasa hazibadiliki kabisa! Patro, bosi wa garaji, anacheka: "Moteri inawaka, si unasikia? Basi ni bwate tena." Nikaichomoa nikasoma kibandiko. Kompyuta za injini za Toyota zinaanza na 89661, za RAV4 zinafuata 42, halafu tarakimu tatu za mwisho ndizo zinazosema ni ya gari gani hasa. Zangu na zao hazifanani. Walinifungia kompyuta ya RAV4 ya gia za mkono. Ile haina habari na solenoidi yoyote, itabadilisha gia gani? Narudisha, naambiwa vifaa vya umeme havirudishwi.

Wakanitafutia nyingine ya otomatiki, ya 2001. Hiyo nimeikataa. Kununua mtumba wa miaka hiyo hiyo ni kununua kosa lile lile, labda tu limechelewa kujitokeza.

Kijana mmoja wa mtaa wa Katuba anayetengeneza ampli za kanisa ndiye aliyefungua ile yangu ya zamani. Chini ya lenzi akanionyesha lehemu zimepasuka kwa duara, nyembamba kama unywele. Akazilehemu upya, nikamlipa dola 40. Gia zinabadilika sasa bila kusikika. Kijana hana garaji, hana kibao, ana meza na lenzi.

Kwa hiyo giaboksi yangu ya kwanza ilikuwa nzima. Nimekwenda kuidai. Naambiwa vyuma vinavyotolewa vinabaki kwa garaji, ndiyo desturi. Desturi ya nani? Sikuwahi kuiuza! Fundi mdogo mmoja ameniambia pembeni kwamba ilishafungwa kwenye gari ya mteja mwingine, na huyo hakupewa bure.

Nataka vitu viwili: dola 180 za kalkilateri isiyo yangu, na giaboksi yangu au bei yake. Fakitire, yaani ankara, ninayo moja tu, ya giaboksi, imegongwa muhuri. Ya kalkilateri waliandika kwenye kipande cha daftari. Aliyewahi kupeleka garaji kwa OPJ, afisa wa polisi wa upelelezi, hapa Lubumbashi akarudishiwa pesa, aniambie alianzia wapi, na kama kipande cha daftari kinakubalika.