Mjadala: Bustani ya mimea ya Amani ikabidhiwe chuo kikuu?

Mkazi wa Chumbageni
Ndugu wanajamvi, kuna swali ambalo naomba tulijadili kwa hoja. Bustani ya mimea ya Amani, huko milima ya Usambara Mashariki, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 pamoja na kituo chao cha utafiti wa kilimo, leo imo ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia iliyotangazwa mwaka 1997, na inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Kazi ya Wakala ni kulinda msitu, na sina neno juu ya hilo. Lakini bustani ya mimea si msitu. Ni mkusanyiko ambamo kila mti ulipandwa mahali pake kwa sababu maalumu, na ikaandikwa ulitoka wapi, ulipandwa lini na ulitarajiwa kutoa nini, iwe ni kwinini, mpira, viungo au mbao. Mti uliopoteza kumbukumbu zake unampa mtafiti kivuli tu. Napendekeza eneo hilo la takribani hekta 300 likabidhiwe chuo kikuu chenye idara ya botania, ili wahadhiri na wanafunzi wao wauhesabu upya mkusanyiko huo na kuurudishia vibao vyake. Mnasemaje?

Mwalimu Mstaafu, Muheza
Nimelisoma pendekezo na ninalipinga. Kwanza, tunavifahamu vyuo ambavyo bustani zilizo mbele ya madarasa yao zimegeuka maegesho ya magari, sembuse bustani iliyo juu ya mlima, ambako mvua ikinyesha gari dogo halipandi. Pili, tunachokililia ni mali ya mkoloni, aliyepanda kwa faida yake, na miti yenyewe mingi ni wageni, ambao baadhi yao walitoroka bustanini wakaingia msituni. Msizi unatosha kuwa mfano. Ni mti wa Bukoba, ukaletwa, ukazaliana, ukaota penye kila mwanya, na leo umeibana miti yetu ya asili, mtambara na mnyasa. Ndiyo desturi ya watu wa kule ziwani: mkaribishe sebuleni, kesho umkute chumbani.

Mhaya wa Raskazone
Shikamoo Mwalimu. Mimi nimezaliwa Bukoba, nimeoa Mdigo, na watoto wangu hawajui mji mwingine ila Tanga, kwa hiyo hilo la sebule na chumba limenifikia. Naomba niutetee msizi, kwa sababu haukupanda basi kuja Muheza. Wajerumani ndio walioupanda Amani kwa majaribio, na baada ya uhuru wataalamu wa misitu wakaupanda tena kwa wingi kwa sababu unakua haraka. Kisha zikaja mashine za kukata magogo, zilizoendelea hadi miaka ya 1980 kwa msaada wa Wafini (ambao baadaye ndio hao hao waliofadhili mradi wa kuhifadhi!), na msitu ukatobolewa kila upande. Msizi unapenda mwanga. Mkifungua mwanga, mnategemea uote wapi? Mbegu zake husambazwa na hondohondo, ndege mwenyeji kabisa wa Usambara, ambaye sijaona mtu akimdai kitambulisho. Tena, kama ugeni ni kosa, tuanze na mkonge. Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliuleta mwaka 1893 kutoka Florida, miche elfu moja, ikafika hai sitini na kitu, na juu ya miche hiyo ndipo mji huu ulipojengwa.

Binti Soni
Naomba nirudi kwenye swali lenyewe. Jambo hili si jipya mkoani kwetu. Msitu wa Mazumbai, Usambara Magharibi, ulikuwa mali ya Mswisi mwenye shamba, ukatolewa kwa chuo kikuu mwishoni mwa miaka ya 1960, na hadi leo unatunzwa na Chuo Kikuu cha Sokoine, ambacho huutumia kufundishia na kufanyia utafiti. Una hekta mia tatu na ushei, yaani unakaribiana sana na bustani ya Amani kwa ukubwa, na wanaoijua milima hii watakwambia kwamba ni katika misitu michache iliyobaki na hali yake njema. Kwa hiyo anayesema chuo hakiwezi atueleze kwanza Mazumbai imewezekanaje. Tofauti ninayoiona ni kwamba Mazumbai inahitaji kuachwa, ilhali bustani inahitaji kushughulikiwa kila siku. Ili kulinda msitu, unamzuia mwenye shoka. Ili kutunza mkusanyiko, lazima awepo mtu anayejua mti huu ni upi, mbegu zake zivunwe lini, na uzao wake usivuke mpaka wa kitalu.

Mwalimu Mstaafu, Muheza
Marahaba, mkwe wetu wa Raskazone. Binti Soni nitamjibu baadaye. Kuhusu mkonge, mfano wako hausimami, kwa kuwa mkonge umekaa shambani kwa mistari, kama ulivyopandwa, na haujapanda mlima kuchukua nafasi ya mti mwingine. Msizi umefanya hivyo. Hata mpira wa Amerika, ule ambao wataalamu huuita Castilla, umefanya hivyo. Sikusema kwamba mgeni ni mbaya. Nilisema kwamba mgeni asiye na mipaka ni mbaya. Aliyeshikwa na neno hilo ajiulize kwa nini limemshika.

Mtoto wa Kwamkoro
Mwalimu, kwa heshima yote, neno hilo limenishika hata mimi, wala sijatoka Bukoba. Babu zetu wengi tunaoishi kuzunguka Amani walikuja kutoka mikoa ya mbali kufanya kazi kwenye mashamba ya chai, wakazaa, wakazikwa huko. Kwa kipimo chako mimi nami nimo katika orodha ya spishi za kigeni. Mnapozungumza kuhusu kukabidhi na kukabidhiana, sisi tunakumbuka ukanda wa Derema, ambako wakulima wa iliki waliondolewa mashamba yao ili vipande vya msitu viunganishwe, na malalamiko ya fidia yakachukua miaka. Kila anayekuja anakuja na ramani. Chuo kikipewa bustani, je, tutaendelea kupita njia zetu? Vijana wetu wanaowaongoza wageni na kuwaonyesha vinyonga na bundi, watafanya kazi na nani? Mama zetu wanaookota mbegu za msambu kwa ajili ya mafuta, watadaiwa kibali cha utafiti?

Karani wa Ngamiani
Mnagombea miti wakati kitu chenyewe hakipo. Mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, ile ambayo mtaalamu huitazama ili ajue huu ni mti gani hasa, Waingereza walikwisha kuihamishia London. Bustani bila hebariamu yake ni ofisi bila mafaili, na chuo kitakuja kulinda nini?

Binti Soni
Ndugu Karani, haikupelekwa London. Hebariamu ya Amani ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950 na imo hadi leo katika makumbusho ya taifa ya Kenya, ikijulikana kama Hebariamu ya Afrika Mashariki. Nakala zilizopelekwa Berlin wakati wa Wajerumani ndizo zilizopata msiba, kwa sababu jengo la hebariamu ya huko lilichomwa na mabomu mwezi Machi 1943, na sehemu kubwa ya mimea iliyokusanywa nchini mwetu ikateketea. Kwa hiyo kilichobaki Amani, kikafika Nairobi, kina thamani kuliko tunavyodhani. Chuo kinaweza kuomba picha za karatasi hizo na kuzilinganisha na miti iliyosimama bustanini pamoja na orodha aliyoiandika mtaalamu wa mimea Greenway mwaka 1934, alipoipitia mimea yote iliyokuwa imepandwa. Hiyo ni kazi ya wanafunzi wa shahada ya uzamili kwa miaka kadhaa, na Wakala, hata akiwa na nia njema kiasi gani, hana watu wa kuifanya.

Karani wa Ngamiani
London au Nairobi, kwangu ni yale yale: haiko Tanga. Hata lile ua dogo la zambarau, ambalo Wajerumani huliita kwa jina la Usambara, lilitoka hapa mwaka 1892 mikononi mwa mkuu wao wa wilaya ya Tanga, baron von Saint Paul, aliyempelekea baba yake Ujerumani. Mtaalamu wa mimea Wendland akalipa jina la ukoo wa baron huyo, na vyungu vyake vikauzwa kwenye kila dirisha la Ulaya. Tanga ilipata nini?

Mhaya wa Raskazone
Ilipata mkonge, ndugu yangu. Kutoka kwa mgeni.

Mkazi wa Chumbageni
Ndugu zangu, tusitoke nje ya mada. Niliuliza kuhusu usimamizi wa bustani, sasa tunasomeana nasaba. Nimelipima suala la mipaka, na naona kuna hoja ambayo hakuna aliyeileta: maji tunayokunywa hapa mjini yanatoka mto Zigi kupitia bwawa la Mabayani, na Zigi unaanzia katika misitu hiyo hiyo ya Amani. Kuikata bustani na kuipa mamlaka nyingine, katikati ya chanzo cha maji, kunaweza kuleta mgongano ambao sote tutaulipia bombani. Ninachokisisitiza sasa ni kumbukumbu. Ardhi ibaki kwa Wakala, chuo kipewe mkataba wa kutunza orodha, vibao na vitalu, kiwaajiri vijana wa vijijini ambao tayari wanaijua miti kwa majina ya Kisambaa, na spishi zinazovamia zing'olewe kwa mpango, zikianza zile zilizo ukingoni mwa msitu. Orodha hiyo si ya kufanywa kwa siku moja, maana mimea ya kigeni iliyosalia kutoka vitalu vya zamani inapita spishi 200.

Mtoto wa Kwamkoro
Hapo kwenye kuajiri vijana umesema. Ila mkataba usomwe kijijini kabla ya kusainiwa, na usomwe kwa Kiswahili, kwenye mkutano ambao wenye iliki nao wamealikwa.

Mwalimu Mstaafu, Muheza
Kung'oa nakuunga mkono, na tuanze na msizi.

Mhaya wa Raskazone
Mwalimu, ukiung'oa wote kwa mkupuo utafungua mwanga ule ule ulioulea, na utakaoota wa kwanza ni yeye tena. Huota vibaya chini ya kivuli kizito, kwa hiyo acheni mitambara ifunge msitu polepole. Wakati huo huo naomba kibao chake kiwekwe, kiandikwe waziwazi ni nani aliyeupanda.

Mwalimu Mstaafu, Muheza
Kiandikwe pia ulikotoka.

Binti Soni
Mwalimu, bado nasubiri jibu lako kuhusu Mazumbai.