Siku ya kwanza katika kliniki ya saratani: tutarajie nini?

Binti wa Malindi aliuliza:

Assalamu alaykum. Mama yangu ana umri wa miaka 61, nasi twaishi Malindi. Mwezi uliopita alikatwa kipande kidogo cha uvimbe ulioko katika titi la kushoto, na majibu yalipotoka tukapewa barua ya rufaa ya kwenda kliniki ya saratani katika Hospitali ya Rufaa ya Pwani, Mombasa, ile tuliyozoea kuiita Makadara. Siku yetu ni Jumanne ijayo. Naomba waliotutangulia wanieleze: je, atatundikiwa dripu ya dawa za saratani siku hiyo hiyo? Aende bila kula? Nitaruhusiwa kuingia naye kwa daktari? Lililo zito zaidi ni kwamba Mama hajaambiwa jina la ugonjwa. Kaka zangu wamesema tumwambie ni uvimbe tu, na mimi sijui nitafanya nini tukifika mlangoni.

Mjukuu wa Shela alijibu:

Waalaykum salaam, dada. Mimi nilimpeleka bibi yangu kutoka Lamu, kwa mashua hadi Mokowe kisha basi hadi Mombasa, kwa hiyo nitaanza na makaratasi, maana ndiyo yaliyotutesa. Ripoti ya kipande kilichokatwa tulikuwa nayo, lakini daktari alitaka pia vioo vyenyewe vilivyotazamwa kwa hadubini pamoja na kile kipande kilichohifadhiwa ndani ya nta, ili vipimo vingine vifanywe juu yake. Hospitali iliyomkata haikutuambia kwamba vitu hivyo huweza kuombwa, na tulilazimika kurudi kuvifuata. Uliza kabla ya Jumanne. Beba vilevile barua ya rufaa, kitambulisho chake, picha za eksirei au skani kama zipo, na dawa zote anazotumia zikiwa katika pakiti zake. Hakikisha usajili wake wa SHA (bima ya afya ya serikali), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, umekamilika na michango imelipwa, kwa sababu matibabu ya gharama kubwa huhitaji idhini ya bima kwanza.

Dripu usiitarajie. Ziara ya kwanza kwa kawaida ni ya kusikilizana: atapimwa uzito, urefu na presha, atatolewa damu, daktari atamuuliza habari zake tangu mwanzo na kumkagua matiti yote mawili pamoja na makwapa. Akiona haya, omba muuguzi wa kike awepo, na mvishe gauni lenye vifungo mbele ndani ya buibui. Kuhusu chakula, ale kama kawaida isipokuwa mmeagizwa vingine. Foleni ni ndefu, na mzee mwenye njaa huchoka kabla ya jina lake kuitwa. Msafiri mapema pia, kwani msongamano wa Mtwapa hausubiri mgonjwa.

Muuguzi Mstaafu alijibu:

Naongeza machache kwa lile swali la mwisho, ambalo ndugu yangu wa Shela amelikwepa. Binti yangu, neno saratani huandikwa kwenye kibao cha mlango, huandikwa kwenye faili, na wagonjwa waliokaa kwenye benchi hulitamka bila kuficha, kwa hiyo mama yako atalisikia Jumanne, mtake msitake. Zaidi ya hayo, tiba haianzi mpaka yeye mwenyewe aelezwe na akubali. Nimewaona kina mama wengi walioupokea ugonjwa kwa utulivu lakini wakaumizwa sana na kugundua kwamba watoto wao walikuwa wanajua. Nyumbani, juu ya mkeka wake, ni mahali pema pa kumwambia kuliko kwenye kiti cha kliniki.

Kuingia naye utaruhusiwa, tena ni vyema, lakini mwache ajibu mwenyewe. Kazi yako iwe kuandika. Muulizeni daktari ugonjwa umefika hatua gani, matibabu ni ya kuponya au ya kuuzuia usienee, na kama ataanza kwa upasuaji au kwa dawa. Titi halitibiwi kwa njia moja: kuna uvimbe unaolishwa na homoni, ambao hutibiwa kwa vidonge vya miaka kadhaa, na kuna usiojali homoni kabisa. Ndiyo sababu kile kipande cha nta, kinachopimwa ili kujua ni uvimbe upi, kina thamani. Kama amekuwa akinywa mwarubaini au dawa nyingine ya miti shamba, aseme bila woga, kwa kuwa baadhi ya mitishamba hugongana na dawa hizi au huchosha ini.

Siku atakapoanza dripu, ambayo mara nyingi hurudiwa kila baada ya siku 21, damu itapimwa kwanza, na chembe za damu zikiwa chini ataahirishwa. Msivunjike moyo kwa hilo. Kuna dawa moja nyekundu kama sharbati ambayo hugeuza mkojo kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili, si damu. Nunueni kipimajoto. Joto likifika nyuzi 38, iwe mchana au usiku wa manane, msimpe vidonge vya kushusha homa mkasubiri kupambazuke: mpelekeni hospitali iliyo karibu hapo Malindi na semeni mlangoni kwamba anatumia dawa za saratani.

Binti wa Malindi alijibu:

Nawashukuru nyote, nawe mama muuguzi hasa. Vioo na kipande cha nta nimeviomba, nimeambiwa nivifuate Jumatatu. Jana baada ya Isha nilikaa na Mama barazani nikamwambia. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama kaka zangu wanajua kwamba nimemwambia, kisha akasema alijua tangu siku tulipoanza kunyamaza kila alipoingia chumbani. Ameamua tupande gari la saa kumi na moja alfajiri, na ameniomba daftari aandike maswali yake mwenyewe. Hadi asubuhi hii yamefika manne, na la kwanza ni kama ataweza kufunga Ramadhani.