Utando mweupe mdomoni mwa mama: tiba za nyumbani zinafika wapi?

Swali

Ndugu wasomaji, salaam. Ninamuuguza mama yangu mzazi, ambaye ana pumu na hutumia dawa ya kuvuta yenye steroidi asubuhi na jioni. Hivi karibuni alimaliza dozi ya antibiotiki aliyoandikiwa kwa ajili ya kifua, na tangu hapo ulimi wake na mashavu kwa ndani vimefunikwa na utando mweupe unaofanana na maziwa yaliyoganda. Analalamika kwamba chakula hakina ladha, kwamba mdomo unawaka anapokula kitu cha moto, na pembe za midomo yake zimepasuka. Ana meno bandia ya juu, nayo huwa hayavui hata wakati wa kulala.

Nimeshauriwa nimpe maji ya chumvi, soda ya kuumulia keki, mafuta ya nazi, mtindi, limau na kitunguu saumu. Sitaki kumtesa mzee kwa kumjaribishia kila kitu ninachoambiwa. Naomba mwenye ujuzi anieleze ni kipi kati ya hivi kina manufaa, kipi kina madhara, na ni wakati gani nitambue kwamba jambo hili limevuka uwezo wa nyumbani.

Jibu la kwanza, kutoka kwa mfamasia

Pole kwa kuuguza, na umfikishie mama shikamoo zetu. Dalili ulizozieleza zinaelekea kwenye fangasi wa mdomoni, ingawa atakayethibitisha ni mtabibu atakayekiangalia kinywa chenyewe.

Fangasi anayesababisha hali hii mara nyingi ni yule anayeitwa kitaalamu Candida albicans. Huishi vinywani mwa watu wengi wenye afya njema bila kuwadhuru, kwa kuwa mate, bakteria wa kawaida wa kinywani na kinga ya mwili humzuia asiongezeke kupita kiasi. Kizuizi hicho kikilegea, ndipo anapotanda. Kwa mama yako naona sababu tatu zimekutana: antibiotiki imepunguza bakteria waliokuwa wakishindana na fangasi, dawa ya pumu huacha mabaki ya steroidi ambayo hudhoofisha kinga ya pale pale mdomoni, na meno bandia yasiyovuliwa hufunika kaakaa usiku kucha mahali ambapo mate hayafiki. Ninazitaja kwanza kwa sababu tiba yoyote ya nyumbani isiyogusa sababu hizi itampa nafuu ya muda tu, kisha utando utarudi.

Kwa hiyo anza na dawa ya kuvuta. Asiiache kamwe, maana pumu isiyodhibitiwa ni hatari kuliko fangasi. Kila baada ya kuivuta, asukutue mdomo na koo kwa maji kisha ayateme, au apige mswaki. Kama kipulizi chake ni cha kubonyeza, muulizeni daktari kuhusu chemba ya kuvutia dawa, ambayo hupunguza kiasi cha dawa kinachoganda mdomoni na kooni badala ya kufika kwenye mapafu.

Maji ya chumvi na maji ya soda ndiyo ninayoyaunga mkono katika orodha yako. Koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha maji ya uvuguvugu, chenye ujazo wa mililita 200 hadi 250, asukutue taratibu kisha ateme bila kumeza. Soda nayo hutumika kwa kipimo hicho hicho, lakini hakikisha ni bikaboneti ya soda tupu, si ile poda ya kuokea iliyochanganywa na asidi. Maji haya husafisha kinywa, hupunguza ule uchungu wa kuwaka, na soda hupunguza asidi ambayo fangasi huipenda. Hata hivyo, hayamwui fangasi kwa kiwango cha kutegemewa, kwa hiyo yawe msaidizi wa dawa na si mbadala wake.

Usijaribu kuukwangua utando kwa nguvu. Chini yake kuna nyama laini yenye vidonda, nayo hutoka damu upesi.

Jibu la pili, kutoka kwa mhudumu wa kliniki ya meno

Naongezea kuhusu meno bandia, kwa sababu hapa ndipo wagonjwa wengi wa umri wa mama hukwama. Fangasi hushikamana na plastiki ya meno hayo na kujijengea utando mwembamba ambao maji peke yake hayauondoi. Mgonjwa anaweza kutumia dawa nzuri kabisa, ulimi ukasafika, kisha akarudishiwa ugonjwa na meno yake mwenyewe.

Mwombe mama ayavue kila usiku. Najua wazee wengi huona aibu kukaa bila meno mbele ya watu, na aibu hiyo inastahili kuheshimiwa, kwa hiyo mpe faragha na umweleze sababu kwa upole badala ya kumwamuru. Yasafishwe kila siku kwa brashi laini na sabuni ya maji au dawa maalumu ya meno bandia, pande zote, hasa upande unaogusa kaakaa. Baada ya hapo yalowekwe katika dawa ya kuyasafishia na yasuuzwe vizuri kabla ya kuvaliwa. Kama yana sehemu za chuma, usiyaloweke katika maji yenye dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kwa kuwa chuma hicho kitalika. Kaakaa na ufizi navyo visafishwe kwa brashi laini au kitambaa safi chenye unyevu.

Angalia pia kama meno hayo yamelegea. Meno bandia yanayochezacheza husugua nyama, na meno yaliyochakaa hufanya midomo ikunjike pembeni na kukusanya mate, jambo ambalo huchangia ile mipasuko uliyoitaja. Huenda akahitaji kutengenezewa mengine.

Mkipewa dawa ya kusukutua yenye klorheksidini (kiua vijidudu vya kinywani) pamoja na nistatini (dawa ya fangasi), msizitumie kwa wakati mmoja, kwa sababu ya kwanza hudhoofisha ya pili. Ziachanishwe kwa angalau nusu saa.

Jibu la tatu

Mimi ningependekeza limau na kitunguu saumu kibichi. Vyote viwili vinajulikana kuua vijidudu, ni vitu vya asili, na sioni sababu ya kukimbilia dawa za viwandani kabla ya kuvijaribu.

Mfamasia anajibu

Ndugu yangu, nia yako ni njema, lakini kwa mgonjwa huyu naomba ushauri huo usifuatwe. Ni kweli kwamba kitunguu saumu kina kemikali ambazo huzuia fangasi katika vipimo vya maabara. Tatizo ni kwamba kitunguu kibichi kikikaa juu ya nyama iliyokwisha chubuka, huiunguza, na kuna watu waliopata malengelenge kwa namna hiyo. Limau na siki ni asidi: humuumiza mgonjwa sana na hula tabaka la nje la meno yake ya asili kama bado anayo.

Uasili wa kitu hautoshi kukifanya kiwe salama. Nistatini yenyewe, ambayo ni miongoni mwa dawa zinazotumika zaidi kwa ugonjwa huu, hutokana na bakteria wa udongoni. Iligunduliwa na wanasayansi wawili wanawake wa Marekani, Elizabeth Lee Hazen na Rachel Fuller Brown, waliotangaza ugunduzi wao mwaka 1950. Tofauti yake na kitunguu ni kwamba kipimo chake kinajulikana, na madhara yake yamechunguzwa.

Jibu la nne, kutoka kwa mama mlezi

Nisaidie wenye watoto wachanga watakaosoma hapa, kwa kuwa ushauri wa mtu mzima haumfai mtoto. Mtoto mchanga hajui kusukutua na kutema, kwa hiyo maji ya chumvi na ya soda si yake. Asali asipakwe kabisa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaosababisha botulizimu, ugonjwa unaolegeza misuli hadi ya kupumua. Jeli ya mikonazoli, dawa nyingine ya fangasi, haifai kwa aliye chini ya miezi 4, kwani inaweza kumkaba. Ile dawa ya zambarau (GV) waliyokuwa wakipakwa watoto wengi huweza kuchubua kinywa, na mwaka 2019 mamlaka ya afya ya Kanada ilitoa tahadhari juu yake kwa hofu ya saratani.

Kama mtoto ananyonya na chuchu za mama zina maumivu ya kuchoma, wote wawili wachunguzwe na kutibiwa pamoja, la sivyo wataendelea kuambukizana. Kunyonyesha kuendelee.

Muulizaji

Ninawashukuru nyote kwa dhati. Mama amekubali kuvua meno usiku baada ya kuelezwa sababu, na kusukutua baada ya dawa ya pumu tumekuanza. Yamebaki mambo mawili: mafuta ya nazi na mtindi, na ile hatua ya kumpeleka kwa daktari.

Mfamasia anajibu

Mafuta ya nazi yana asidi ya lauriki, ambayo katika maabara huonekana kumzuia fangasi huyu. Kinywani ushahidi wake bado ni haba. Kupaka kidogo kwenye midomo iliyokauka hakuna ubaya, lakini kumwambia mzee mwenye pumu asukutue mafuta kwa dakika nyingi si jambo ninaloliafiki, kwa sababu yakipaliza na kuingia mapafuni yanaweza kusababisha nimonia. Mtindi usio na sukari ale kama chakula: ni laini, ni wa baridi, na bakteria wake hai huenda wakasaidia kidogo. Mwenye kinga iliyoshuka sana amuulize daktari wake kwanza.

Kuhusu daktari, kwa maoni yangu mpeleke sasa, kwa kuwa utando umeenea na umeshaathiri ulaji wake. Akipewa nistatini ya maji, avue meno, aizungushe mdomoni kwa muda mrefu awezavyo kabla ya kuimeza, asile wala kunywa mara baada yake, na aendelee walau siku 2 baada ya utando kutoweka. Akianza kuhisi maumivu au kukwama anapomeza, usisubiri hata siku moja, kwani huenda fangasi ameshuka kwenye umio, yaani njia ya chakula, na huko dawa ya kusukutua haifiki. Doa jeupe lisilofutika, au lililokaa zaidi ya wiki 2 au 3 licha ya tiba, lichunguzwe na daktari wa meno, maana si kila weupe wa mdomoni ni fangasi, na baadhi yake hugeuka saratani. Muombe daktari pia ampime mama sukari ya damu na, kwa ridhaa ya mama mwenyewe, VVU. Vipimo hivyo ni vya kawaida kwa mtu mzima mwenye hali hii, na havimaanishi kwamba mtu anamshuku.

Mnapokwenda, bebeni kipulizi, meno bandia na dawa zake zote, hata zile za kununua bila cheti. Flukonazoli (dawa ya fangasi ya kumeza) na jeli ya mikonazoli hugongana na dawa kadhaa, na mgonjwa anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) anaweza kuvuja damu kwa hatari akipewa mojawapo bila daktari kujua.