Mbung'o: kwa nini hatutumii fangasi?

Mchunga_Handeni: Wakuu, kuna fangasi anaitwa Metarhizium. Unga wake unawekwa kwenye mtego wa kitambaa cha buluu na nyeusi. Mbung'o akiingia anajipaka, anatoka mzima, anakwenda kuwaambukiza wenzake, kisha anakufa baada ya siku kadhaa. ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Kenya, walishamjaribu Ziwa Victoria. Sisi bado tunaogesha ng'ombe na kuwachoma sindano za nagana tu, ugonjwa anaoueneza mbung'o. Ndama wangu mmoja nimemchoma mara nne mwaka huu, mbavu zinahesabika.

MamaNyuki: Na akiingia kwenye mizinga? Asali ndiyo inasomesha wanangu.

Mchunga_Handeni: Unga unakaa kwenye kikopo mtegoni dada, haupulizwi hewani.

Pori_ni_Uhai: Jua kali linaua huo unga, utabadilisha vikopo mpaka lini? Halafu tuseme ukweli: mbung'o ndiye askari wa pori asiyehongeka. Akiisha, wafugaji mtajaza ng'ombe mpaka kwenye chemchemi za tembo.

Mchunga_Handeni: "Wafugaji mtajaza"? Baba yangu mdogo aliugua malale kwa kuumwa na mbung'o. Alikuwa anasinzia tonge likiwa mkononi, mchuzi unamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Huyo ndiye askari wako?

Pori_ni_Uhai: Pole kwa mzee. Lakini usimtumie mgonjwa kufunika mambo ya mifugo hifadhini. Mito imekauka, tunaona kwa macho.

Mwl_Makunduchi: Unguja tulimmaliza mbung'o bila fangasi. Walizalisha madume tasa Tanga, jike likipandwa nalo halizai, wakayadondosha kwa ndege, 1997 ikatangazwa hayupo tena. Jozani mpaka leo ni msitu, na kima punju wapo.

Pori_ni_Uhai: Mwalimu, hicho ni kisiwa. Bara ukisafisha wilaya moja, anarudi kutoka ya jirani.

Kijana_wa_Urambo: Mito imekaushwa na ng'ombe au na mashamba ya tumbaku na mkaa? Kila kiangazi mfugaji tu!

Pori_ni_Uhai: Nani anaswaga mifugo usiku hifadhini? Mkulima?

MamaNyuki: Bado sijajibiwa nyuki wakitua kwenye mtego itakuwaje.

Mchunga_Handeni: @Pori, sijawahi kuswaga hata mbuzi hifadhini. Njoo kwangu jioni, uvae shati la buluu, ukae zizini nusu saa. Halafu uniambie huyo askari anamlinda nani.