Mzungu akitia nanga ni mtalii, mimi na mke wangu tukitia nanga ni magendo. Tumechoka!

Wakuu, heshima mbele. Mods, nawaomba msiuhamishie uzi huu jukwaa la utalii, maana ugomvi wenyewe ndio huo: mimi si mtalii. Si mvuvi pia. Sibebi abiria, sifanyi biashara, na kwa mara ya sita tangu Januari naapa kwamba si mtu wa magendo. Ni mzee anayetembea baharini na mke wake. Basi.

Nijieleze kidogo. Ni mwalimu mstaafu wa jiografia. Nilistaafu Agosti 2022 nikiwa na miaka 60, mwezi mmoja tu baada ya kikokotoo cha asilimia 33 (theluthi tu ya mafao ndiyo unapewa kwa mkupuo) kuanza kazi, kwa hiyo anayedhani nina hela za kuchezea anihurumie kwanza. Mke wangu ni mkunga mstaafu, mzaliwa wa Wete, Pemba. Marehemu baba yangu alikuwa nahodha kule Tongoni, akibeba boriti za mikoko kutoka Rufiji, na mimi utoto wangu wa likizo niliumalizia kwenye ngama ya jahazi lake, kule chini kabisa maji yanapojikusanya, nikichota maji.

Kiinua mgongo kilipotoka kila mtu alikuwa na ushauri. Kuku wa nyama. Bodaboda mbili. Fremu za kupangisha. Mimi nilinunua mashua ya mkono wa pili, futi 28, mbao za mvule. Nikaing'oa kalafati yote (pamba inayoziba mianya ya mbao) na kuipiga upya, nikabadilisha foromali, yaani boriti inayoshika tanga, nikashona tanga jipya, nikajenga kibanda kidogo shetri, yaani nyuma, cha kulala watu wawili, na injini ndogo ya kupachika kwa siku upepo ukigoma. Ubavuni imeandikwa BADO TUPO. Jina hilo alilichagua mama watoto, na ndilo kitu pekee kilichowahi kuwachekesha hao jamaa nitakaowaeleza.

Mpango wetu ni wa kizamani kabisa. Kaskazi ikivuma unashuka kusini, unasubiri masika yapite, kusi ikisimama unarudi nyumbani. Mkondo wa bahari yetu unapanda kaskazini mwaka mzima, ila wakati wa kaskazi unalegea, ndipo mashua inapopata nafasi ya kuteremka. Hayo nilikuwa nikiwafundisha watoto ubaoni kwa chaki. Januari hii tukatoka Tanga, tukavuka mkondo wa Pemba hadi Mkoani kusalimia shemeji zangu, tukalala Misali, tukashuka Tumbatu, Unguja mjini, halafu kusini zaidi. Mbele ya Kilindoni, Mafia, tulizimisha injini tukamtazama papa potwe, mnyama mrefu kuliko mashua yetu, akipita chini ya usukani polepole kama basi la shule. Mke wangu alilia. Miaka 35 ya zamu za usiku, alisema, na huyu alikuwa hapa muda wote.

Hilo ndilo lililotutoa nyumbani. Sasa sikieni tunavyolipishwa.

Kisiwa sikitaji, kwa sababu nina safari ya kurudi na lazima nipite palepale. Tulifika jioni, siku ya bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, na yalikuwa yameshaanza kupwa. Tukatia nanga nje kidogo penye kina, kama mtu yeyote mwenye akili angefanya. Haikupita nusu saa ikaja boti ya doria, vijana wanne. Shikamoo hakuna. Neno la kwanza: "Mzigo uko wapi?"

Hakuna mzigo.

"Sasa mzee, hamna mzigo, mnatembea baharini kufanya nini?"

Kutembea.

Wakatazamana. Wakuu, nimesimama mbele ya madarasa miaka mingi, naujua uso wa mtu ambaye hajaelewa na hataki kuelewa. Wakapanda. Wakakung'uta godoro. Wakamwaga unga kwenye beseni kutafuta sijui nini. Dawa za presha za mke wangu wakazihesabu kidonge kwa kidonge. Dumu la petroli la lita 20 likawa "biashara ya mafuta". Sukari kilo tano, ambayo ni ya chai ya watu wawili kwa safari ya miezi, ikawa sukari ya Zanzibar inayoingizwa bila ushuru. Mmoja akamwambia mke wangu, "Bi mkubwa, umri huu si ungebaki nyumbani ulee wajukuu?" Akamjibu bila hata kumwangalia: "Mwanangu, wajukuu wana mama zao."

Nadhani jibu hilo ndilo lililotuponza. Tukaamriwa tung'oe nanga tusogee gatini "kwa mahojiano". Nikawaambia, vijana wangu, hii ni bamvua, hapa maji yanashuka karibu mita nne, nikisogea pale baada ya saa moja nimepwelewa. Wakasema nafundisha kazi. Ndiyo, nafundisha, ndiyo kazi niliyofanya maisha yangu yote! Tukasogea. Saa moja baadaye BADO TUPO ilikuwa imelala ubavu juu ya mawe, na mimi niko kwenye benchi ofisini nasubiri mtu mwenye mhuri aliyekwenda kula. Maji yaliporudi usiku, kalafati ilikuwa imefumuka mahali pawili. Mimi na mke wangu, miaka 120 na ushee tukijumlishwa, tulichota maji kwa ndoo hadi alfajiri.

Na huku tukichota, mita 200 kutoka kwetu, ilikuwepo yoti nyeupe. Ndani yake mtu na mkewe, wastaafu kama sisi, kutoka Ulaya, wametokea Kilifi wanashuka kusini kwa upepo uleule na kwa sababu ileile. Vijana walewale walikwenda kwao kabla ya kuja kwetu. Niliona kwa macho yangu: walivua viatu kabla ya kupanda! Wakasaini karatasi, wakapeana mikono, wakaondoka.

Sina ugomvi na yule mzungu, nisieleweke vibaya. Asubuhi alikuja na kamba na pampu ya mkono akatusaidia, mkewe akaleta mkate alioupika mwenyewe. Tulipohadithiana nikagundua na yeye kapita ofisi nne tangu aingie nchini na kalipa kwa dola hadi amechoka. Tofauti yetu ni kwamba yeye kila mahali alipewa kiti na risiti.

Mimi risiti ninazo mbili, kwa malipo saba. Yaliyobaki niliambiwa "mzee acha ya maji". Elfu thelathini ni ya maji gani, maji ya zamzam?

Halafu kuna fomu. Hii fomu ndiyo itakayoniua. Ina visanduku: uvuvi, abiria, mizigo, utalii. Matembezi hakuna. Ofisi ya kwanza karani, binti mpole kwa kweli, alisita sana akaweka tiki kwenye uvuvi, akasema, "Babu, hiki ndicho kinakaribia." Kituo kilichofuata nikaulizwa leseni ya uvuvi na nyavu ziko wapi. Nikasema sivui. Kwa nini basi umesajiliwa uvuvi? Wakabadilisha, wakaandika abiria. Kituo cha tatu nikatakiwa orodha ya abiria. Nikaandika: mke wangu. Jamaa akauliza, na uso mkavu kabisa, "Amelipa nauli shilingi ngapi?" Niliwaza kumwambia mahari. Kituo cha nne wakaona bora utalii, na nikalipishwa kiwango cha kampuni inayoendesha boti za wageni, wakati nahodha ni mimi, mgeni ni mimi, na mpishi ni mimi siku ambazo mama amekataa.

Sasa kabla hamjaja na lile la "mzee ukaguzi ni kwa usalama wako". Naujua usalama wa bahari. Septemba 2011 ilipozama meli ya MV Spice Islander nilikuwa na wanafunzi waliopoteza ndugu. Julai 2012 ikazama na MV Skagit, haijapita hata mwaka. Kwa hiyo mimi kabla ya kununua hata sufuria nilinunua jaketi okozi nne kwa watu wawili, fataki za kuomba msaada, kizimamoto, na redio ya VHF ambayo mke wangu anaiacha chaneli 16 mchana na usiku na kuisikiliza kuliko alivyowahi kunisikiliza mimi. Nilivipanga vyote mlangoni mwa kibanda nikijua nitakaguliwa.

Mara sita tumekaguliwa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza jaketi liko wapi. Hakuna aliyewasha redio. Hakuna aliyetazama chini kwenye ngama kuona kama chombo kinavuja. Wote sita waliuliza mzigo. Mashua ikizama kesho na sisi ndani, kwenye makaratasi yao itakuwa imekaguliwa mara sita.

Na jambo la kuudhi zaidi ni kwamba hii ni pwani yetu. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akiwa mtembezi tu kutoka Moroko, na watu wakampokea, wakamlisha, naye akausifu mji. Angekuja leo kwa mashua yangu angeulizwa sukari imetoka wapi. Kwenda Kilwa Kisiwani kutazama msikiti mkuu, kibali unachukua Kilwa Masoko, unalipa kiwango cha mwananchi, unapewa karatasi, umemaliza. Tumekwenda, imechukua robo saa. Kumbe inawezekana!

Niko hapa Kilwa tangu mwezi wa pili mwishoni. Mvua za masika zinapiga, fundi wa Kivinje ameniziba upya kwa pamba na anadai laki mbili ambazo hazikuwepo kwenye bajeti. Kusi ikikaza tunarudi. Ninachoomba kwenu wenye uzoefu: kuna karatasi yoyote inayoweza kuandikwa kwamba chombo hiki ni cha mwenyewe kwa matembezi, ikaheshimiwa bara na visiwani? Kama ipo inatolewa dirisha gani? Naomba mtu aliyewahi kuishika mkononi, siyo "nasikia".

NYONGEZA, saa mbili usiku:

Naona comments. Aliyeandika "mzee una hela, wengine hata boda hatuna", mwanangu, mashua yote pamoja na injini haikufika bei ya gari bovu la kutoka Japani. Njoo Tanga nikuoneshe hesabu.

Anayeuliza kwa nini tusipande boti ya kasi tukafika haraka: tufike wapi?

Wewe uliyeshauri nipandishe bendera ya nchi ya Ulaya nyuma ya mashua, wazo hilo mama watoto alilitoa kabla yako, na alikuwa hatanii.

Waliouliza kuhusu sukari, ndiyo, ilirudishwa asubuhi yake pamoja na dumu la petroli. Walichukua kilo tano. Mke wangu kaipima kwa mizani ya dukani hapa Masoko na amenisimamia niandike: zimerudi tatu.